Toa Tatu

Kwenye mtaa wa mafundi, ule wenye vumbi la mbao upande mmoja na cheche za vyuma upande wa pili, hakuna aliyemwita fundi seremala kwa jina lake. Aliitwa Toatatu. Hata barua ya shule ya binti yake iliwahi kuja imeandikwa "Kwa Mzee Toatatu", naye akaipokea bila kununa.

Jina alijitafutia mwenyewe. Tepu yake ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja ndani ya kasha, aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, na ilikuwa imekatika ncha. Sentimita tatu za mwanzo hazikuwepo. Mtu mwingine angeitupa akanunua nyingine. Yeye aliing'ang'ania kama pete ya ndoa. Akipima mlango, tepu ikimwonyesha mia mbili na tatu, alisema kwa sauti, "Mia mbili na tatu, toa tatu, mia mbili," ndipo akachora mstari. Alifanya hivyo miaka thelathini. Jirani yake, mchomelea vyuma, alikuwa akimwigiza kutwa nzima: "Umelala saa ngapi jana, toa tatu? Chai umekunywa vikombe vingapi, toa tatu?" Fundi alicheka tu. Katika miaka yote hiyo hakuna mlango wake uliogoma kuingia kwenye fremu wala meza iliyoyumba. Aliyetaka kumkosoa ilibidi amtafutie kosa lingine.

Kosa lingine lilikuwepo, na sitalificha. Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa Kiingereza. Shule aliiacha mapema, lakini kila neno la Kiingereza lililopita mbele yake, kwenye boksi, kwenye kopo la rangi, kwenye mgongo wa lori, alilidaka, akalihifadhi, akalitoa penye watu wengi. Maana alijitungia mwenyewe. Aliona maboksi yaliyoandikwa FRAGILE yanabebwa kwa heshima, akajua ni sifa, na kwenye harusi ya mpwa wake alisimama mbele ya wageni akamwambia bibi harusi kwamba siku hiyo amekuwa fragile kabisa. Waliojua kwamba neno hilo ni la kitu chepesi kuvunjika walijikuna pua. Wasiojua walipiga makofi.

Neno lililompa heshima kuliko yote lilikuwa HEIGHT. Miaka sita iliyopita, zahanati ya mtaa ilihitaji ubao wa kupimia kimo cha watoto. Muuguzi mkuu alimpa fundi karatasi yenye neno hilo, akamwambia aliandike juu kabisa kwa herufi kubwa. Fundi alilitazama akaona limejaa mitego. Linatamkwa hait, sasa hizo g na h za katikati zilifuata nini? Siku aliyoutengeneza ubao ule mdomo wake haukupumzika. "H, E, I, G, H, T," aliimba akipiga randa. "H, E, I, G, H, T," aliimba akipaka rangi nyeupe, akiinyoosha tepu ubavuni mwa ubao, akichora mistari ya sentimita mmoja baada ya mwingine na kuandika makumi kwa rangi nyeusi. Neno likakaa juu bila kosa hata moja. Muuguzi alilisoma, akampa mkono. Tangu siku ile, fundi akipita mbele ya zahanati shingo yake ilirefuka.

Nayasema haya mapema ili usije ukamhukumu kabla ya wakati. Au umhukumu vizuri, ukiwa unajua.

Binti yake alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kilichopakana na karakana, na alikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka miwili na miezi mitatu, mwembamba, mwepesi, hatulii. Alipanda rundo la mbao, alipanda benchi, alipanda mgongo wa babu yake. Bibi yake, mke wa fundi, alikuwa na wimbo mmoja. "Huyu mtoto mbona haongezeki? Nguo za mwaka jana bado zinamtosha."

Fundi alikuwa akija juu papo hapo. "Mama watoto, usimtie mtoto nuksi. Kliniki anapimwa kwenye ubao wangu, na kila akipimwa anapita. Watu wanaweza kudanganya. Ubao utamdanganya nani?"

Na kweli, kadi ilionyesha mtoto yuko sawa. Binti alikuwa ameanza kumwekea mwanawe yai lake peke yake kila asubuhi, na kikombe cha maziwa mchana. Baada ya kupimwa na kuambiwa hana tatizo, aliona hakuna haja ya kumtengea chakula chake. Mayai yakarudi kwenye sahani ya wote, na wewe unajua mtoto mdogo anapata nini kwenye sahani ya wote.

Siku moja matone ya vitamini yaliisha pale zahanati, kina mama wakaelekezwa hospitali kubwa, ng'ambo ya soko. Kule walimsimamisha mtoto kwenye kipimo cha chuma, wakajaza kadi kwa wino wa bluu, na chini yake mtu akaandika neno moja kwa wino mwekundu, akalipigia mstari: STUNTED. Foleni ilikuwa inafika barabarani. "Rudi na hiyo kadi baada ya wiki mbili," aliambiwa dobi, kisha akaitwa anayefuata. Akatoka na neno asilolijua, na kama ilivyokuwa desturi ya familia ile, akalipeleka kwa baba yake.

"Baba, wameandika nini hapa?"

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali, akaishika kadi mbali na macho, akalisoma taratibu kama mtu anayeonja kitu. "Stanti," alisema. "Stan-ted."

"Maana yake?"

Hapo ndipo mzee alipong'aa. Aliwahi kuliona kwenye bango la sinema: vijana wako hewani na pikipiki zao, moto unawaka chini, na neno STUNT limepita katikati yao. "Si wale wanaoruka na pikipiki! Wanapita juu ya magari, wanapita kwenye moto. Zile ndizo stanti. Sasa huyu ni stunted, yaani machachari, hashikiki. Daktari amemwona alivyokuwa akipandapanda."

"Ndiyo waandike kwa wino mwekundu?"

"Mwalimu akikupa vema anatumia kalamu gani?"

Binti alicheka, moyo ukamtulia. Basi tena! Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mjukuu wa Toatatu amepewa sifa na hospitali kubwa, tena kwa maandishi. Fundi hakuishia hapo. Alichukua kipande kizuri cha mbao ngumu alichokuwa amekitunza, akamchongea mtoto kigoda kidogo chenye miguu mitatu na egemeo, na kwenye egemeo akaandika kwa rangi nyekundu, herufi nene, zimenyooka: STUNTED. Akamwita Stanti. Mchomelea vyuma naye akamwita Stanti. Baada ya siku chache, ukimuuliza mtoto, "Unaitwa nani?" alijipiga kifuani kwa kiganja na kujibu, "Stanti!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alikuwa amekikalia kigoda hicho siku mwalimu mstaafu alipokuja kuangalia kabati lake la vitabu. Mama huyu alifundisha Kiingereza tangu fundi ana nywele nyeusi, na nusu ya mtaa ilikuwa imepita mikononi mwake. Alilikagua kabati, akafungua milango na kuifunga, akaridhika. Kisha akamgeukia mtoto.

"Hujambo, mjukuu wangu? Unaitwa nani wewe?"

"Stanti!" Kiganja, kifuani.

Mwalimu alicheka. Akainama amshike shavu, na hapo macho yake yakafika kwenye egemeo. Kicheko kilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Alivaa miwani yake, akasoma tena.

"Fundi. Nani ameandika hivi?"

"Mimi, Mwalimu. Kuna herufi nimekosea?"

"Herufi zote ziko sawa." Alikuwa bado ameinama. "Neno umelitoa wapi?"

"Hospitali kubwa. Liko kwenye kadi yake."

Mwalimu alivuta benchi akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Fundi akaanza kujisikia kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya wenzake.

"Na maana yake unaijua?"

"Machachari. Kama wale wa pikipiki."

"Hapana, Fundi. Hayo ni maneno mawili, yamefanana sura tu, kama paa la nyumba na paa wa porini. Hili la kwenye kadi ni la kimo." Alishusha sauti, ingawa mtoto asingeelewa. "Maana yake amedumaa."

Patasi ilimponyoka fundi ikadunda kwenye saruji. Neno la Kiingereza lilikuwa limekaa nyumbani kwake siku kumi na tatu bila kumfanya kitu, likipambwa na kuchekewa. La Kiswahili lilimpiga usoni mara moja. Alimtazama mtoto, akamwona anatikisa miguu yake miwili midogo ambayo haikufika chini, na kigoda chenyewe alikuwa amekipima kwa mtoto wa umri wake.

"Unataka kusema ni mfupi," alisema hatimaye. "Sisi kwetu ni wafupi, Mwalimu. Mama yangu hakuwa anafikia komeo la juu la mlango. Huo si ugonjwa."

"Mfupi ni short. Mtu anazaliwa wa kuwa mfupi, anakua mpaka mwisho wa ufupi wake, basi, amefika. Stunted ni mwingine. Huyo alikuwa njiani kwenda juu zaidi, akazuiwa. Neno hilo Waingereza wanalitumia kwa mche uliopandwa kwenye kopo, na wanalitumia kwa mtoto ambaye chakula hakikumtosha au maradhi yamemrudiarudia. Halafu tazama hiyo ed ya mwishoni. Hiyo ni kama ile wa yetu sisi, ya mwishoni mwa pigwa na ibiwa. Ina maana ametendwa."

"Ametendwa na nani?"

Mwalimu alivua miwani. "Neno lenyewe halisemi."

Sasa badala ya kulia, fundi alipanda hasira. Ndivyo walivyo watu wa namna yake, jambo likiwaumiza wanatafuta wa kugombana naye. Hospitali kubwa! Watu wasiomjua mtoto, wanamtazama dakika mbili, wanampiga muhuri wa kudumaa! Alimbeba mjukuu mkono mmoja, mkono wa pili akashika kigoda kwa kuwa mtoto aligoma kukiacha, tepu ikaingia mfukoni. "Mama Stanti!" alimwita binti yake, na jina lilimchoma ulimi. "Acha pasi. Chukua kadi, twende zahanati. Leo watajua kwamba mtu huwa anapimwa kwa kipimo, hapimwi kwa macho."

Ilikuwa siku ya kliniki. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya ukumbi, watoto magotini, na ubao mweupe ulisimama ukutani pale pale fundi alipoukaza miaka sita nyuma, HEIGHT yake inang'aa. Muuguzi mkuu alikuwa yule yule.

"Shikamoo, Mzee Toatatu. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Sista, nipimie mtoto. Nipimie mbele ya watu wote hawa."

Muuguzi alimtazama dobi, dobi akatoa kadi. Mtoto alivuliwa viatu, akasimamishwa, visigino ukutani, kibao cha kichwani kikashushwa taratibu.

"Themanini na tatu," alisema muuguzi. Akaisoma kadi, uso ukakunjamana. "Lakini hospitali wameandika themanini kamili, wiki mbili tu zilizopita. Mtoto hawezi kukua sentimita tatu kwa wiki mbili."

"Si umeona!" Fundi aligeukia mabenchi. "Mmesikia wenyewe? Wamemwibia mtoto sentimita tatu, kisha wakamwita majina!"

Kina mama waliguna, na mmoja akasema wazi kwamba hospitali kubwa siku hizi wanafanya kazi kwa pupa. Fundi alipata nguvu. Alitoa tepu yake mfukoni. Atawaonyesha kwa vipimo viwili, asibaki mtu wa kubisha. Alikita mwanzo wa tepu sakafuni, ubavuni mwa ubao, akaivuta hadi kilipo kibao cha kichwani, akasoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi:

"Themanini na tatu, toa tatu, themani—"

Wawili watatu walicheka, maana msemo wake huo ulijulikana na kila mtu. Mzee kasema jina lake! Lakini fundi hakucheka. Alikuwa anaitazama tepu, kisha ubao, kisha tepu. Vilikuwa vimekubaliana. Namba kwa namba, mstari kwa mstari, tepu iliyokatika ncha na ubao mzima vilikuwa vinasema kitu kimoja, na havikutakiwa kusema kitu kimoja.

Akapiga magoti. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kutoka sakafuni, akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Na kwenye mstari wa saba, kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, palikuwa pameandikwa kumi.

Alihesabu tena. Saba.

Miaka sita ubao ulisimama pale, mtu yeyote angeweza kuinama akahesabu. Lakini nani hutazama chini ya magoti ya mtoto? Wote walitazama juu ya kichwa, na juu zaidi wakaliona neno, wakasema fundi kaandika vizuri.

Kwenye benchi la mbele alikaa fundi cherehani, mwanawe mgongoni na tepu ya kushonea imemning'inia shingoni. Fundi Toatatu alimnyooshea mkono. "Mama, niazime hiyo."

Tepu ya kitambaa ilikuwa mpya, ina ncha yake ya bati. Muuguzi ndiye aliyepima safari hii, kutoka sakafuni hadi chini ya kibao cha kichwani.

"Themanini," alisema.

Fundi, bado yuko magotini, alianza kueleza, maneno yakitoka bila mpangilio. Kwamba tepu ilikatika tangu kwa marehemu fundi aliyemfundisha kazi. Kwamba yeye hutoa tatu siku zote, siku zote, muulizeni mtu yeyote. Kwamba siku ile alikuwa analikariri neno, H, E, I, G, H, T, aliogopa kulikosea mbele ya Sista, na mdomo ulipokuwa unasema herufi haukusema toa tatu. Hata yeye alisikia inavyosikika.

"Kwa hiyo huu ubao," alisema fundi cherehani taratibu, huku akimshusha mwanawe mgongoni na kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, "umekuwa ukiwaongezea?"

"Wote," alisema muuguzi. Alikaa kwenye ukingo wa meza, mkono mdomoni. "Miaka sita. Watoto wote."

"Na wangu?" aliuliza mmoja. "Sista, na wangu?" Wa pili akasimama, wa tatu, na ghafla ukumbi mzima ulikuwa umesimama na kadi mikononi, kila mmoja anauliza neno lile lile, na wale watoto, wasiojua lolote, wakaanza kulia kwa kuwa mama zao wamepandisha sauti.

Dobi peke yake hakuuliza. Alimwinua mwanawe kutoka kwenye ubao, akamkumbatia. "Mwaka jana niliuliza," alisema. Alikuwa anasema na muuguzi, kwa baba yake hakugeuka. "Nilisema haongezeki. Mama naye alisema. Tukaambiwa yuko sawa."

"Ningejua ningemwanzishia lishe siku hiyo hiyo," alisema muuguzi. "Kabla hajafika miaka miwili. Hapo ndipo mwili unapoitikia. Bado tutamsaidia, mama, usikate tamaa: mayai, maziwa, maharage, na tutamfuatilia kila mwezi. Atakuwa na afya. Lakini kimo kilichopotea miezi ile hakirudi."

Fundi aliung'oa ubao kwa mkono wake. Zile skrubu alizikaza vizuri siku ile, kazi ya kuaminika, na zilimtoa jasho. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemtukana pia, na nadhani angependa mmoja amtukane. Muuguzi alituma mtu hospitali kubwa kuomba kipimo cha chuma, kisha akafungua daftari la kliniki na kuanza na watoto wa mwaka ule. Alisoma kimo, fundi akatoa tatu.

"Themanini na moja."

"Sabini na nane."

"Tisini na mbili."

"Themanini na tisa."

Alikuwa mwepesi mno. Muuguzi hakuhitaji hata kusubiri. Baada ya kila jibu alilinganisha na umri, na mara moja moja akaweka alama ya mviringo kwa kalamu nyekundu. Walipofika mwisho wa ukurasa wa pili, miviringo ilikuwa kumi na moja, na mmoja ulikuwa wa mtoto wa fundi cherehani. Muuguzi alilifunga daftari. "Nenda nyumbani, Mzee," alisema. "Yaliyobaki nitayamaliza mwenyewe."

Alirudi karakana jua bado kali, ubao begani, uso wenye neno ameugeuzia ndani. Mchomelea vyuma alimwona kwa mbali. "Vipi, toa ta—" akaanza, kisha akauona uso wake, akashusha miwani ya kazi na kurudi kwenye cheche zake. Fundi aliuegemeza ubao ukutani, akaitoa tepu mfukoni, akaiweka kwenye droo ya chini, ile ya misumari iliyopinda. Hakuifunga droo mara moja. Mwisho akaifunga.

Kigoda kilikuwa kimerudi kabla yake, kimewekwa mlangoni. Alikiweka magotini, akachukua msasa, akaanza kuisugua ile nyekundu. Rangi yake ilikuwa nzuri, imepakwa mara tatu, haikutaka kutoka. T ya mwanzo ilimchelewesha, S ikamchelewesha zaidi kwa kuwa ilikuwa na mikunjo. Vumbi jekundu lilimwangukia kwenye suruali. Aliposugua herufi ya mwisho mtoto alikuwa amesimama mbele yake, ametoka chumba cha mama yake, mdomo umepakwa kiini cha yai.

Alizunguka upande wa egemeo la kigoda. Akaweka kiganja mahali palipokuwa na neno, akapapasa mbao tupu.

"Babu. Stanti wapi?"

"Limefutika," alisema fundi.

Mtoto alimtazama kwa yale macho yasiyoridhika haraka. "Nani kafuta?"

Binti yake alikuwa amekuja nyuma ya mwanawe na kikapu cha nguo kiunoni. Alisimama pale mlangoni, na tangu zahanati hakuwa amemwambia baba yake hata neno moja.

"Ni babu," alisema fundi kwa sauti ndogo. Kisha akainua uso, akamtazama binti yake, akasema tena ili asikike mpaka mlangoni. "Ni mimi. Ni babu."